Gari limegoma kuwaka? Sikiliza kwanza, fedha baadaye



Baridi ya Mufindi kila mtu anaijua. Mwezi wa sita mpaka wa nane hapa Igowole ukungu unakaa juu ya chai mpaka jua lipande, na gari lililolala nje likiguswa ufunguo alfajiri linakujibu "tk" halafu kimya. Wengine watasema ni shida ya matajiri. Sio kweli. Huku kwetu mwenye gari ndio ambulansi ya mtaa. Mama akishikwa na uchungu saa tisa usiku, anayegongewa mlango ni jirani mwenye Noah. Gari likigoma saa hiyo kila mtu anageuka fundi: huyu anasema plagi, yule pampu, mwingine anasema sukumeni tu.

Kwa hiyo leo tuongelee jinsi ya kujua gari limegomea wapi. Hauhitaji kuwa fundi, unahitaji masikio na macho.

Kwanza elewa hivi. Ili injini iwake kuna kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kuizungusha, na hiyo ni ya betri na stata. Ya pili ni kushika moto, na hiyo ni ya mafuta, hewa na cheche ya plagi (dizeli haina plagi ya cheche, yenyewe inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa). Swali la kwanza siku zote ni moja: je, injini inazunguka? Ukishajibu hilo umeshaondoa nusu ya washukiwa.

1. KIMYA KABISA, AU "TK TK TK TK"
Washa taa kubwa. Kama haziwaki au ni hafifu kama kibatari, umeme hautoshi. Kama zinawaka vizuri halafu zinafifia sana ukipiga stata, bado ni hapo hapo. Usikimbilie kununua betri mpya! Fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, au waya unacheza ukiushika, huenda tatizo lako ni hilo tu. Zima kila kitu, fungua waya wa hasi kwanza halafu wa chanya, sugua kwa brashi na maji ya moto, kausha, kisha rudisha chanya kwanza na ukaze. Watu wengi wameuziwa betri kumbe ni uchafu.

Mwenye mita ya umeme apime gari likiwa limezimwa kwa muda. Betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikishuka chini ya 12 imekwisha chaji. Gari likishawaka pima tena: inatakiwa iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, altaneta haichaji, na hata ukinunua betri tatu zote zitakufa.

Kwa nini baridi? Ndani ya betri umeme unatengenezwa na kemikali, na kemikali zikipoa zinafanya kazi polepole. Wakati huo huo oili imekuwa nzito, injini inataka nguvu zaidi kuzunguka. Betri iliyochoka inaweza ikakuficha Dar mwaka mzima, ikija huku inaumbuka siku ya kwanza.

2. "TK" MOJA TU, TAA ZIKO VIZURI
Hapo anayeshukiwa ni stata yenyewe au waya zake. Wengine wanaigonga taratibu kwa mpini wa nyundo huku mwenzake anapiga ufunguo, na kweli mara nyingine inaamka. Hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi, sio matibabu.

Kama ni automatiki na hata "tk" hamna, sogeza gia toka P uweke N ujaribu tena. Gari la automatiki haliruhusu stata kufanya kazi mpaka gia iwe P au N, na swichi inayosoma gia ikichoka inakudanganya. Angalia pia kama kuna taa yenye alama ya ufunguo au kufuli inayowaka kwenye dashibodi. Gari lisipoutambua ufunguo wako haliwaki.

3. INAZUNGUKA VIZURI LAKINI HAIWAKI
Betri na stata wasameheni, hawana kosa. Sasa tafuta mafuta na cheche. Usicheke, ila anza na tenki: geji ya gari la zamani inaweza ikakwambia robo kumbe pakavu. Kwa gari la petroli lenye pampu ya umeme, fungua ufunguo bila kupiga stata, usikilize upande wa tenki. Nyingi zinalia "zzzz" kama sekunde mbili. Kama hailii, angalia fyuzi yake kabla ya kununua pampu. Kama inalia na bado haiwaki, fundi akague plagi na koili. Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, acha kabisa kupiga stata, inawezekana mkanda wa taiming umekatika na ukilazimisha unaweza kupinda valvu.

Dizeli: subiri taa ya kupasha joto izime ndio upige stata, hasa alfajiri. Na kama gari liliishiwa mafuta njiani, kujaza peke yake mara nyingi hakutoshi, hewa imeingia kwenye mfumo. Itolewe kwa ile pampu ya mkono karibu na filta.

Halafu kuna mafuta yaliyochakachuliwa. Mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa ulishamiri mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili usilipe. Kama gari limeanza kugoma mara tu baada ya kujaza, mwambie fundi hilo kabla hajafungua kitu.

SASA HATARI ZENYEWE
Kuazima umeme wa gari lingine: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, halafu chanya ya nzima. Mweusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho ikipigwa juu yake inaweza kulipuka. Kwa hiyo hata sigara na kibatari weka mbali.

Na hapa Mufindi malori ya mbao ni mengi, sikilizeni: Fuso nyingi ni volti 24, betri mbili zimeungwa. Ukiunga moja kwa moja kwenye Corolla ya volti 12 unaweza kuunguza kompyuta ya gari na taa kwa mpigo. Uliza kwanza.

Kusukuma ni kwa gari la manyuo tu. Automatiki mtasukuma mpaka Nyololo haliwaki.

Zamani dereva alikuwa anazungusha injini kwa hendeli mbele, na ikirudi nyuma inamvunja mkono. Stata ya umeme ilikuja kwenye Cadillac za mwaka 1912, kazi ya Mmarekani Charles Kettering. Toka hapo tukasahau kwamba kuwasha injini ni kazi ngumu, tunakumbuka baridi ikija.

Ukienda gereji usiseme "gari bovu". Sema: linazunguka au halizunguki, taa ziko hivi, lilianza lini. Fundi mzuri atakushukuru, na fundi wa kubahatisha ataona huyu haibiwi kirahisi.

Madereva na mafundi wa Mafinga, Makambako na Mbeya, kama kuna nilichoruka mwageni hapo chini.