Moto wa Jikoni na Rutuba ya Shamba

Mkulima, kila moto unapowashwa jikoni mwako kuna kitu kinachotoka shambani. Wengi husema kuni ni za bure kwa sababu hazinunuliwi dukani. Sivyo, na yafaa ufikiri kabla ya kuchagua kitu cha kuchoma.

Faida tunazijua. Mti mwingi ukikatwa huchipua, au hupandwa mwingine. Mwenye miti mpakani hupika ugali bila kutoa senti, na akiwa karibu na kiwanda cha chai aweza kuuza kuni, maana majani ya chai hukaushwa kwa moto wa kuni.

Hasara kubwa iko katika samadi na mabua. Mavi ya ng'ombe yaliyokauka huwaka vizuri, lakini moto huipeleka hewani karibu nitrojeni yote, yaani kile chakula kinachofanya mahindi yawe ya kijani. Halafu wakati wa kupanda waenda dukani kununua mfuko wa mbolea ili urudishe kile ulichokichoma mwenyewe! Mabua nayo ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na yakiachwa juu ya udongo huzuia mvua isiuchukue. Magunzi ni shauri jingine. Yana chakula kidogo, na yakikauka hutoa moto mkali. Hayo choma, kisha mwaga majivu yake shambani, ila si kwenye chai, kwa kuwa chai hupenda udongo wenye asidi.

Makaa yataka hesabu. Kuni kavu kilo 100 zikichomwa katika tanuri ya udongo hutoa makaa kilo 10 mpaka 20 tu. Zaidi ya nusu ya nguvu ya mti imekwisha potea kabla sufuria haijatiwa motoni. Watu wa mjini huyapenda makaa kwa sababu ni mepesi kubeba. Lakini wewe unayekaa karibu na mti wako, ya nini? Tena usiingize jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa ili upate joto, hata usiku wa baridi kama ule wa Kinangop. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke.

Kuni mbichi huwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hauna budi kuyakausha kwanza. Moshi wake huingia vifuani mwa akina mama na watoto wadogo, na huleta kichomi. Pasua kuni, zipange chini ya paa penye upepo, zikae miezi kadhaa. Jikoni weka dohani, au angalau dirisha.

Kwa kuni za daima, panda mgrivea mpakani. Matawi yakikatwa huchipua, na shina hubaki kwa mbao. Mkaratusi hukua upesi lakini hunywa maji mengi. Usiupande kando ya kijito. Panda miche mvua ikisha kolea, na uizungushie miiba, maana mbuzi hawana simile.