Kisigino Hakina Kosa

Anayejiunga na kikundi cha joging, iwe Kibaha au Kisarawe, hachelewi kuonywa: usitangulize kisigino, utaua magoti. Basi mgeni anaanza kukimbia kwa ncha za vidole, na baada ya wiki chache anachechemea. Onyo hilo lina chembe ya ukweli, lakini limewaumiza wengi wasio na tatizo lolote.

Mtu akikimbia, mwili wote huwa hewani kwa muda mfupi, kisha huangukia mguu mmoja. Ardhi huusukuma mguu huo kwa nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni sawa na kubeba kilo 140 hadi 210, na hayo yote hutokea ndani ya takriban robo sekunde. Kisigino kikitangulia, sehemu ya nguvu hiyo hupanda mguuni kwa ghafla. Ikitangulia sehemu ya mbele ya unyayo, kifundo hujikunja, na shavu la mguu pamoja na kano ya kisigino hupokea mzigo kwa ulaini zaidi. Wengi huishia hapo na kutoa hukumu. Lakini mzigo haupotei, unahama tu: wa kisigino hulemea zaidi goti, wa mbele hulemea kano na shavu la mguu. Kano iliyozoea viatu vyenye soli nene haiwezi kupokea kazi mpya kwa siku mbili.

Imani kwamba kutanguliza kisigino ni kosa ilipata nguvu mwaka 2010, pale Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walipochapisha utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliokulia pekupeku. Wengi wao walitua kwa sehemu ya mbele. Dunia ikachukua hilo kuwa ndiyo asili ya binadamu. Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine, wa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao hutembea pekupeku maisha yao yote. Katika mwendo wa kawaida wa masafa marefu, wengi wao walitanguliza kisigino; walipoongeza kasi, baadhi wakahamia mbele. Na katika marathoni ya mashindano ya dunia London mwaka 2017, ile ambayo Mtanzania Alphonce Simbu alituletea medali ya shaba, wanariadha wengi, wanaume kwa wanawake, walitua kwa kisigino.

Hata hivyo, kama Wadaasanach wanavyoonyesha, kasi nayo ina sauti. Filbert Bayi, ambaye shule yake iko Mkuza, Kibaha, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hiyo ni kilomita 25 na ushei kwa saa. Anayekimbia kilomita 9 kwa saa asubuhi kabla ya kwenda kazini hana sababu ya kuiga mkanyago wa mwendo huo.

Jambo la kuangalia hasa ni mahali mguu unapotua. Ukitua mbali mbele ya kiuno huku goti limenyooka, kila hatua inafunga breki, na goti ndilo linalolipa. Dawa yake ni kufupisha hatua na kuziongeza idadi, kama asilimia 5 hivi kwa kuanzia. Hesabu hatua zako kwa dakika moja. Zikiwa 160, jaribu 168 kwa mwendo uleule. Mguu utasogea chini ya mwili wenyewe, bila kuufikiria unyayo.

Ardhi nayo ina neno lake. Kwenye miinuko ya Pugu kwenda Kisarawe, mguu hutua mbele wenyewe wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka kisigino hurudi na breki huongezeka, kwa hiyo shuka kwa hatua fupi. Kwenye mchanga wa njia za ndani, kisigino huzama na shavu la mguu hufanya kazi zaidi, hivyo mwenye maumivu ya kano auepuke kwa muda.

Walimu wa vikundi, nawasihi: mwanachama anayekimbia bila maumivu mwacheni na mkanyago wake. Mwenye maumivu yasiyoisha abadilishe polepole, kwa dakika chache ndani ya zoezi la kawaida, na aonwe na mtaalamu wa viungo kabla kano haijachanika.