Mahakama za Kijeshi na Haki ya Raia (Sehemu ya Tano): Msamaha Haufuti Hukumu

Tangu Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Kinshasa ilipomhukumu kifo rais wa zamani Joseph Kabila, naye mwenyewe hayupo barazani, tarehe 30 Septemba 2025, filamu moja ya miaka mingi imefufuka katika simu za watu wa Bunia, ikapokezanwa kutoka Mudzipela hadi Nyakasanza, na kila aliyeitazama akatoka na fatwa yake. Filamu yenyewe ni Meurtre à Kinshasa, kazi ya Marlène Rabaud na Arnaud Zajtman ya mwaka 2011, ichunguzayo kuuawa kwa Mzee Laurent-Désiré Kabila, baba wa huyo aliyehukumiwa juzi, na kuuliza iwapo wale waliofungwa katika gereza la Makala kwa ajili ya damu ile walistahili kuwamo humo.

Wasomaji waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza hawana haja ya kusimuliwa upya namna Mahakama ya Amri ya Kijeshi ilivyoundwa mwaka 1997, ikapewa mamlaka juu ya askari na raia sawia, na ikanyimwa kile ambacho kila mahakama ya haki hukihitaji, yaani mahakama ya juu yake. Yatosha kukumbusha kwamba Mzee alipigwa risasi tarehe 16 Januari 2001 na Rashidi Kasereka, kadogo (yaani askari aliyeingia jeshini akiwa mtoto) miongoni mwa walinzi wake, naye muuaji akauawa papo hapo, ukafa pamoja naye ushahidi uliokuwa na thamani kuliko wote. Kwamba kesi ilianza mbele ya mahakama hiyo Machi 2002, ikiwa na washtakiwa zaidi ya mia. Na kwamba tarehe 7 Januari 2003 watu wapatao 30 walihukumiwa kifo, mmoja wao akiwa Kanali Eddy Kapend, msaidizi wa karibu wa marehemu. Ajabu ni kwamba sheria mpya ya mahakama za kijeshi, ambayo ndani yake mahakama ile isiyo na rufaa haikuwa na nafasi tena, ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi tangu tarehe 18 Novemba 2002: hukumu ilitolewa na mahakama ambayo sanda yake imeshakatwa.

Sasa watazamaji wanasemaje? Wako wanaolia, na machozi yao ni halali. Wako wanaosema kuwa filamu ni ya wazungu, basi haina haki ya kutufundisha habari za nyumba yetu, kana kwamba ukweli huulizwa pasipoti. Lakini walio wengi ni wale wanaoizima simu na kutangaza kwa yakini kamili nani aliyepanga mauaji, nani aliyelipa, na nani aliyefumba macho; nao wakiulizwa dalili hujibu kwamba wameusoma uso wa fulani, au wamesikia sauti ya fulani ikitetemeka. Hawa ndio nitakao kuwaonya kwa staha, kwa kuwa wanalaani mahakama iliyohukumu bila beina, kisha wao wenyewe wanaketi katika kiti kile kile na kuhukumu kwa beina iliyo dhaifu zaidi. Sisi wa Ituri tungepaswa kuwa wa mwisho kulisahau hilo. Waamuzi wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague walipomwachilia Mathieu Ngudjolo, kiongozi wa wanamgambo wa hapa kwetu, tarehe 18 Desemba 2012, walieleza waziwazi kwamba kushindwa kuthibitisha hatia si sawa na kuthibitisha kuwa mtu hakutenda. Wengi hapa walikasirika, lakini kadhi asemaye kuwa hakuthibitishiwa jambo ni bora mara nyingi kuliko yule asiyewahi kuona shaka.

Hata hivyo suala la nani alimwua Mzee silo linaloninyima usingizi. Lanishughulisha zaidi suala la nini kifanyike mtu akiisha kuhukumiwa isivyo haki, na hapo sina budi kurudi kwa mtu ambaye habari zake sichoki kuzisoma, Simon Kimbangu wa Nkamba.

Kimbangu alikuwa katekista wa Kibaptisti, si askari wala mwasi. Alipoanza kuhubiri na kuwaombea wagonjwa mwezi wa Aprili 1921, watu waliacha mashamba na kazi za kampuni wakamiminika Nkamba, na serikali ya Wabelgiji ikashikwa na hofu. Mwezi wa Juni mtawala Léon Morel alikwenda kumkamata, Kimbangu akamponyoka. Na mwezi wa Agosti wilaya ile ikawekwa chini ya utawala wa kijeshi uliolegezwa kidogo, jambo ambalo kwa macho ya haraka lahusu usalama tu, lakini ambalo tunda lake lilikuwa hili, kwamba raia angeweza sasa kuondolewa mbele ya hakimu wa kawaida na kupelekwa mbele ya baraza la vita. Kimbangu alijitoa mwenyewe mwezi wa Septemba. Tarehe 3 Oktoba 1921, katika mji wa Thysville, ambao leo ni Mbanza-Ngungu, baraza hilo chini ya Komanda De Rossi lilimhukumu viboko 120 na kisha kifo, naye hakuwa na wakili wa kumsemea wala mlango wa rufaa wa kuubisha.

Mfalme Albert aliibadili hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha, na magazeti ya Ulaya yangeweza kuiita rehema. Lakini itazameni rehema hiyo: mtu alisafirishwa hadi Élisabethville, mbali na mke, watoto na lugha ya kwao, akakaa gerezani miaka 30, akafia huko tarehe 12 Oktoba 1951. Mfalme alimpa uhai wake, asimpe haki yake. Maana asamehewaye huambiwa kwa kimya kwamba kosa alilitenda. Ilibidi kungoja hadi Julai 2011, mwaka ule ule wa filamu tunayoizungumza, ndipo Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Kongo iifungue tena hukumu ya Thysville, iibatilishe na kumsafisha marehemu. Siku hizi, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa kwa heshima yake. Iliwezekana basi, baada ya miaka 90, mahakama ya kijeshi kuungama kwamba baraza la kijeshi lilidhulumu. Wala jeshi halikuanguka, wala dola haikutikisika.

Kwa mizani hiyo mtazameni Kapend. Aliachiliwa Januari 2021 kwa msamaha wa Rais Tshisekedi, karibu karne nzima baada ya rehema ya Mfalme Albert, akarudishwa jeshini na kupandishwa hadi ujenerali. Je, dola huweza kumkabidhi askari wake mtu ambaye, kwa maandishi yake yenyewe, alishiriki kumwua rais? Ama ana hatia, na cheo hicho ni fedheha. Ama hana, na maandishi yale ni dhulma inayoendelea kuishi. Msamaha umefungua mlango wa gereza, haukufuta mstari mmoja wa hukumu, na wale waliofia Makala haukuwafikia kabisa.

Nimekwisha kutumia nafasi kubwa, na Ituri yenyewe nimeibakizia kidogo. Tangu utawala wa kijeshi, ule état de siège, ulipoanza hapa tarehe 6 Mei 2021, raia walioshtakiwa kwa jinai walipelekwa mbele ya waamuzi wenye sare, katika mkoa ambao mawakili ni wachache na mahabusu ni wengi. Na waraka wa tarehe 13 Machi 2024 umeurudisha unyongaji uliokuwa umesimamishwa tangu 2003. Aliyenyongwa kwa makosa hatafaidiwa na kubatilishwa kwa hukumu yake miaka 90 baadaye. Katiba, katika kifungu cha 156, yakubali mahakama za kijeshi zichukue kazi hiyo wakati wa dharura, lakini yakataza haki ya rufaa isisimamishwe.

Basi, ndugu mtazamaji, acha kumtafuta muuaji wa Mzee katika kioo cha simu. Kama jirani yako au mwanao amehukumiwa na mahakama ya kijeshi, mtafutie wakili, dai nakala ya hukumu iliyoandikwa pamoja na sababu zake, na ukate rufaa kabla muda uliowekwa na sheria haujapita.