Mbwa Aendapo Porini: Kichaa cha Mbwa na Wanaolala Msituni Songea

Mashariki ya mji wa Songea kuna milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma. Wapo wanaoipanda kwa matembezi na kupiga hema, lakini wengi wa wanaolala porini pamoja na mbwa katika mkoa huu hawafuati burudani. Ni mkulima anayelinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani, akikesha kwenye dungu hadi mavuno. Ni mrina asali anayekaa siku kadhaa mbali na kijiji. Mbwa husikia na kunusa kabla mwenyewe hajashtuka, na kwa hilo anathaminiwa. Lakini mbwa huyo huyo ndiye wa kwanza kukutana ana kwa ana na mnyama mgonjwa.

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama aliyeambukizwa. Vikiingia jerahani, hupanda polepole kwa kufuata mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa huweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Jeraha la kichwani au usoni lina njia fupi, ndiyo maana mtoto aliyeng'atwa usoni hawekwi nyumbani kungoja kesho. Mgonjwa akishaanza kuhisi mwasho au ganzi penye kovu, akashindwa kumeza na kuogopa maji, karibu kila mara hufa. Mwendo huo wa polepole ndio nafasi tuliyo nayo: chanjo ikitolewa mapema, kinga ya mwili huvitangulia virusi. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kila mwaka, na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa.

Hata hivyo, mtembea porini asimwangalie mbwa peke yake. Katika mikoa jirani ya Lindi na Mtwara, wataalamu waliofuatilia ugonjwa huu waliwakuta bweha wakiwa sehemu kubwa ya wanyama waliougua. Bweha mzima humkwepa mtu. Anayeingia kambini mchana bila woga, akiyumba au akiuma chochote kilicho mbele yake, adhaniwe kuwa mgonjwa. Mwite mbwa wako na umfunge kamba. Usimhimize kupigana, wala usiushike mzoga kwa mikono mitupu.

Mtu aking'atwa, matibabu huanza pale pale alipo, si hospitalini. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Sabuni huharibu utando wa mafuta unaovifunika virusi, kwa hiyo kipande cha sabuni ya kufulia kilichomo mkobani kina thamani kuliko dawa yoyote ya kienyeji. Pilipili, mafuta ya taa na majani yaliyotwangwa huumiza nyama na kupoteza muda. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, hasa mtoto anapolia. Zihesabiwe kwa saa. Kisha safari ya kwenda kituo cha afya ianze siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Kwa mhudumu wa afya anayempokea mtu huyo: kulambwa juu ya ngozi nzima hakuhitaji chanjo. Mkwaruzo usiotoa damu unahitaji chanjo. Jeraha lililotoboa ngozi, au mate yaliyoingia jichoni, mdomoni au kwenye kidonda, huhitaji chanjo pamoja na kingamwili zinazodungwa ndani na kandokando ya jeraha. Kingamwili zisipopatikana, chanjo isisubirishwe. Kidonda kisishonwe kwa haraka, na kinga ya pepopunda ikumbukwe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu mfupi wa kudunga ndani ya ngozi, mililita 0.1 katika sehemu mbili za mwili, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Utaratibu huo hutumia dawa kidogo, na chupa moja huweza kugawiwa wagonjwa kadhaa. Gharama si jambo dogo kwa mtu aliyeacha shamba bila mlinzi na kulipa nauli mara tatu. Aelezwe tangu siku ya kwanza kwamba kuhisi nafuu si sababu ya kuacha sindano zilizobaki. Na anayefika wiki kadhaa baada ya kung'atwa, akiwa bado hana dalili, asirudishwe: achanjwe.

Mbwa wa kufuatana naye porini achanjwe angalau mwezi mmoja kabla ya safari ya kwanza, kwa kuwa kinga yake huhitaji muda kujijenga, na arudiwe kila mwaka. Akipigana na bweha, apelekwe kwa daktari wa mifugo hata kama alichanjwa, na anayemwosha vidonda avae glavu au mifuko ya plastiki. Mbwa aliyemng'ata mtu akionekana mzima asiuawe. Afungwe na kuangaliwa kwa siku 10 huku chanjo ya mtu ikiendelea. Akibaki mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizosalia. Mbwa aliyeuawa na kutupwa kichakani hatupi jibu hilo.