Ruksa Kunakili, Ruksa Kumrushia Mwenzio

Kila kipindi chetu kinaanza kwa maneno yale yale, hata kabla ya salamu: "Ruksa kunakili, ruksa kumrushia mwenzio, ruksa kukicheza ndani ya gari." Shemeji ndiye anayeyasema, kwa sauti ya mtu wa mnada, na msikilizaji mgeni hudhani ni mbwembwe. Kumbe ni leseni. Podikasti yetu inahusu Linux na programu huru, tunairekodi Ngamiani, Tanga, kwa Kiswahili, na hakuna anayetulipa. Tukiwazuia watu wasinakili kipindi kinachosifia programu zinazonakiliwa kwa ruhusa, tutachekwa, na tutastahili.

Tena kunakiliwa ndiko kunakotufikisha kwa watu. Nusu saa ya maongezi, ikibanwa kuwa MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde, ina uzito wa megabaiti 14.4. Kwa mwenye Wi-Fi ya ofisini hiyo si kitu, lakini kijana aliyejiunga bando la siku ataangalia salio kwanza. Kwa hiyo mmoja anapakua, waliobaki wanarushiwa. Mwenye kibanda cha kujaza nyimbo kwenye flashi alikuja mwenyewe kuomba vipindi, akaviweka kati ya folda ya singeli na folda ya mawaidha. Tangu hapo tunapata ujumbe wa sauti kutoka kwa makonda wa njia ya Pangani, watu ambao sidhani kama wamewahi kufungua programu ya podikasti.

Kwa ajili yao tumebaki na MP3. Ipo Opus, namna ya kubana sauti iliyokamilika mwaka 2012, ambayo kwa maongezi matupu ingeshusha nusu saa yetu mpaka megabaiti tano na kitu bila kuharibu sauti. Redio za magari na sabufa za mitaani nyingi haziijui Opus. MP3 zinaijua zote, na tangu hataza zake zilipokwisha mwaka 2017 hata watu wa programu huru wenye msimamo mkali hawana neno nayo.

Sasa Linux yenyewe, kwa asiyeijua. Mwaka 1983 Richard Stallman, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT, alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu atakuwa na haki ya kuutumia kwa kazi yoyote, kuuchungulia ndani na kuurekebisha, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia pia toleo alilolirekebisha mwenyewe. Mradi huo aliuita GNU. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, aliwatangazia wenzake kwamba anaandika mfumo endeshi kama kitu cha kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni ya Stallman, ile ya GPL: ukiubadilisha na kuusambaza, nawe uwape watu msimbo wako kwa masharti hayo hayo. Leo simu yoyote ya Android inaendeshwa na keneli ya Linux, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux. Kwa kitu cha kujifurahisha, si haba.

Hayo msikilizaji huyapokea bila shida. Kazi huanza anapouliza: keneli ni nini hasa? Shemeji ni fundi, ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, na hana subira na maelezo ya vitabuni. Siku moja katikati ya kurekodi alinikatiza: "Ngoja, shemeji. Keneli ni konda. Programu ni abiria. Abiria hashiki usukani wala hakai anapotaka. Kila kitu anamwambia konda, na konda ndiye anayempa siti." Nikakiacha kipande hicho kama kilivyo. Baada ya wiki kadhaa ukaja ujumbe wa konda halisi, na honi zikisikika nyuma yake: "Kaka, mmetudhalilisha. Konda gani huyo anayegawa siti kwa hesabu? Mimi zikijaa nasema sogeeni, nafasi ipo."

Shemeji alikaribia kuruka kwa furaha, kwa sababu konda yule, bila kujua, alikuwa amegusa jambo ambalo Linux inalifanya kweli. Programu zina tabia ya kuomba kumbukumbu kubwa kuliko zitakayoitumia. Linux huzikubalia, inaahidi nafasi nyingi kuliko iliyonayo, ikitegemea kwamba si wote watakaokalia walichoomba. Mara nyingi inapona. Siku wote wakikalia, keneli humtafuta mmoja, kwa kawaida yule aliyeshika nafasi kubwa zaidi, na kumteremsha palepale bila nauli yake kurudishwa. Ndiyo maana kwenye mashine yenye RAM ndogo kivinjari chenye vichupo tele huweza kutoweka ghafla huku vingine vyote vikiendelea na kazi. Tulifanya kipindi kizima juu ya hilo, tukamweka konda yule kwa sauti yake, kwa idhini yake. Ndicho kipindi kilichosambaa kuliko vyote.

Kurekodi kwenyewe hakuna siri kubwa. Tunaanza baada ya Isha, bodaboda zikipungua. Friji inazimwa, godoro linasimamishwa ukutani nyuma yetu, feni inapumzishwa na jasho linatutoka. Masika tunapumzika, maana mvua ya Tanga juu ya bati haina dawa kwenye programu yoyote. Maikrofoni yetu ni ya aina wanayoshika waimbaji jukwaani, unayoisogelea mpaka mdomoni. Zile nyeti za studio zingesikia mpaka jirani anavyosonga ugali. Kompyuta ni ThinkPad ya mtumba yenye Linux Mint. Umeme ukikatika tunaendelea kwa betri.

Kuhariri ndiko kunakokula usiku. Tunatumia Audacity, programu huru iliyotoka mwaka 2000, kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Kabla ya neno la kwanza tunanyamaza kidogo maikrofoni ikiwa imewashwa. Kimya kile si kimya. Kina mngurumo wa chumba, na ndicho ninachokichagua kuionyesha Audacity ipi ni kelele, halafu naiagiza iipunguze kelele hiyo kwenye rekodi nzima. Ukipunguza kiasi, msikilizaji hatambui kitu. Ukipunguza sana, herufi s zinaanza kutoa milio ya ajabu, afadhali ungeacha kelele. Kisha yanafuata maneno ya kujazia. La shemeji ni "kimsingi". Siku hizi nalitambua kwa macho kwenye mchoro wa sauti kabla sijalisikia: kinundu, mkato, kinundu kingine. Nakata mengi, mengine nayaacha, maana nikiyamaliza anasikika kama msomaji wa taarifa ya habari. Mwisho nasawazisha ukubwa wa sauti ya kipindi kizima, ili dereva asilazimike kupandisha na kushusha redio njiani.

Kuna jambo nililochelewa kulisoma kwa wengine, kwa kuwa kwao halipo. Podikasti za Linux za Kiingereza ni za zamani karibu sawa na podikasti zenyewe. Neno lenyewe lilionekana kwenye gazeti la The Guardian Februari 2004, na mwaka huo huo vijana wa Wolverhampton, Uingereza, wakaanzisha LugRadio, iliyodumu hadi 2008 kwa utani mwingi na lugha isiyofaa mbele ya wakwe. Mwaka ilipokoma ndio Ubuntu Podcast ilipoanza, ikaenda mpaka 2021. Hacker Public Radio mpaka sasa hutoa kipindi kila Jumatatu hadi Ijumaa, na watangazaji wake ni wasikilizaji wenyewe. Ukiwa na jambo la kusema, unarekodi na kuwapelekea. Nawapenda wote. Lakini nyingi ya podikasti hizo huishi kwa habari za wiki: toleo gani limetoka, nani kagombana na nani.

Sisi habari za wiki hazitufai. Nakala yetu inaweza kusikilizwa miezi minane baadaye, Muheza, kutoka kwenye flashi isiyo na tarehe. Kwa hiyo hatusemi "wiki hii". Hatusemi "bofya hapo chini", maana chini hapana kitu. Amri za kuandika kwenye kompyuta tunazisoma taratibu mara mbili, pamoja na nafasi zake: sudo, nafasi, apt, nafasi, update. Na zile za kufuta mafaili hatuzisomi kabisa. Nafasi moja iliyosikika vibaya kwenye kelele za gari yaweza kumfutia mtu kila alichonacho.

Wenye kutusikiliza kwa simu wanapata vipindi kwa njia ya kawaida, yaani RSS, faili la maandishi lisilozidi kurasa chache ambalo kwa kila kipindi linataja jina, anwani ya faili la sauti, aina yake na uzito wake kwa baiti. Programu kama AntennaPod, nayo huru, hulisoma faili hilo kila baada ya muda na kuona kama kuna kipya. Mimi naliandika kwa mkono. Lina wivu: alama ya & ikiandikwa hivi hivi kwenye kichwa cha kipindi, faili zima linakataliwa. Sauti zenyewe zinakaa Internet Archive, ambao hawatozi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimebadilishwa mara kadhaa tangu 2018, hivyo anayetaka kuanzisha ya kwake Tanzania azisome zilizopo sasa, asitegemee alichoambiwa kijiweni.

Muziki ulituletea ubishi wa kifamilia. Tanga ni mji wa taarabu, mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na shemeji alitaka tufungue kwa wimbo wa zamani. Wimbo wa watu hauna ruhusa tunayoitangaza. Anayenakili kipindi angekuwa ananakili na mali isiyo yetu. Mzee mmoja wa mtaani akatupigia udi vipande vitatu sebuleni kwake, akatia saini kwamba atakayenakili anakili. Kutaja leseni yenyewe, Creative Commons, mbele yake kulihitaji kahawa ya pili.

Kipindi kinachoombwa zaidi na wanafunzi kinahusu flashi. Unaipeleka steshenari kuchapa, ikirudi folda zote zimekuwa njia za mkato na hazifunguki. Kirusi kimeyaficha mafaili, hakijayafuta, na kinategemea Windows ndiyo ikifiche na kukiendesha. Ichomeke kwenye Linux: folda zako zinaonekana palepale pamoja na uchafu wa kirusi, ambao hauna pa kukimbilia. Unahamisha vyako, unaifomati flashi, basi. Shemeji alikuwa akitoza kazi hiyo kibandani. Hakukiongoza kipindi kile kwa moyo mmoja.

Siku hizi maswali mengi ni ya Windows 10, ambayo Microsoft ilikoma kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, na mashine za mtumba zilizojaa mjini ni za kizazi cha nne mpaka cha sita. Tunawaambia ukweli: kama hesabu za duka lako ziko kwenye programu ya Windows pekee, usikurupuke. Kama kazi yako ni barua, intaneti na jedwali, jaribu Linux Mint kwa flashi kabla ya kupiga chochote kwenye diski.

Kampuni moja ya kubeti ilitaka tuwasomee tangazo. Tulikataa, na hakuna aliyetusumbua tena kwa habari za pesa.

Aliyetusumbua ni mwalimu mmoja wa sekondari, Lushoto. Alichukua kipindi cha konda, akakikata kuwa vipande vifupi, akaingiza maswali yake kwa sauti yake, akawagawia wanafunzi. Leseni aliitaja vizuri, majina yetu ameyaweka. Utani wa shemeji ameutoa wote. Shemeji alinuna, akauliza kama leseni haina kifungu cha utani. Haina. Nilimtumia mwalimu rekodi za WAV ambazo hazijabanwa, ili akate vizuri zaidi, na toleo lake sasa liko kwenye RSS yetu chini ya jina lake.