Kivuli Huhama, Kamba Haihami

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Disemba hadi mvua za masika zinapoanza kunyesha mwezi wa Machi, visiwa vya Unguja na Pemba huingia katika joto la kaskazi. Katika kipindi hicho binadamu hujua la kufanya. Mkulima hurejea kutoka kondeni kabla ya adhuhuri, mvuvi hukaa chini ya mkungu akashona nyavu zake, na mtumishi wa ofisini hufungua dirisha au huwasha feni. Mnyama aliye mikononi mwetu hana hiari hiyo. Tumemfunga kamba, tumemtia bandani, tumemvisha nira. Kwa hiyo uhai wake katika miezi hiyo hutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja tu, naye ni yule aliyemfunga.

Tuanze na ng'ombe, ambaye kwa jamaa nyingi za shamba ndiye akiba ya nyumba, ada ya skuli na gharama ya arusi. Visiwani kwetu ng'ombe wengi hulishwa kwa kufungwa kamba mmoja mmoja minazini. Mwenyewe humpeleka alfajiri, akapiga kigingi mahali penye kivuli, akaenda kwenye shughuli zake na moyo umetulia. Lakini kivuli huhama, na kamba haihami. Ifikapo saa tano mnyama yule yuko juani, na mnazi alioegemezwa hauna matawi ya kumsitiri. Tukumbuke kwamba visiwa hivi vipo kiasi cha nyuzi tano na sita kusini ya Ikweta, na kwa hiyo mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita karibu sawasawa juu ya utosi. Kivuli cha asubuhi si dhamana ya kivuli cha mchana. Ng'ombe wa kaskazi afungwe chini ya mwembe au mfenesi, na kama hapana budi afungwe uwandani, basi pawe na mtu wa kumhamisha kabla ya saa nne.

Wa pili ni punda na ng'ombe wa gari. Hawa ndio wanaotubebea mchanga, matofali, kuni na nazi katika njia ambazo lori halipiti. Mara nyingi mwendeshaji si mwenye gari. Ana hesabu ya siku anayopaswa kuipeleka jioni, na kila safari anayoiacha ni fedha aliyoikosa. Hatuwezi kumlaumu yeye peke yake. Mwenye gari anayedai hesabu ileile ya kipupwe katika joto la Februari ndiye anayemsukuma mwendeshaji kutumia bakora mahali palipohitaji ndoo ya maji. Kazi nzito ifanywe baada ya sala ya alfajiri hadi saa nne, kisha irudiwe baada ya saa kumi. Katikati ya saa hizo gari lifunguliwe, nira au tandiko livuliwe, na mnyama apate maji na kivuli. Punda mzima huhitaji lita kumi hadi ishirini na tano za maji kwa siku, na katika kazi na joto huelekea upande wa juu wa kiasi hicho. Punda aliyeanguka barabarani hamfikishi mtu kwenye hesabu yoyote.

Wako pia wale wa uani. Kuku hawatoki jasho. Hupunguza joto kwa kuhema na kutandaza mbawa. Banda la bati lisilo na madirisha huwa tanuri kwao. Ezeko la makuti juu ya bati, tundu za kupitisha upepo na chombo cha maji kilichowekwa kivulini vinatosha kuwaokoa. Aidha wachanjwe mapema dhidi ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, kwani maradhi hayo yakiingia kijijini humaliza mabanda kwa siku chache. Chanjo yenyewe ni tone la jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Paka naye, ambaye ni mwenyeji wa kila uchochoro wa Mji Mkongwe, hutoka jasho nyayoni tu. Paka anayehema kwa kinywa wazi yumo hatarini.

Kuhusu mbwa, wapo wanaowafuga kwa ulinzi wa mashamba, kisha wakawaacha na mnyororo juani mchana kutwa. Mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema, na anapozidiwa hudondosha mate na kupepesuka. Watu wakimwona hivyo hukimbilia mawe, wakidhani ana kichaa. Joto halileti kichaa cha mbwa; maradhi hayo huletwa na virusi na huzuiwa kwa chanjo. Asiyemjua mbwa huyo akae mbali naye na atoe taarifa kwa sheha. Mwenye mbwa ampeleke achanjwe kila mwaka. Hiyo ni kinga ya mbwa, na zaidi ya hapo ni kinga ya watoto wetu.

Wako watakaouliza: maji ya binadamu hayatoshi, ya wanyama yatoke wapi? Swali hili ni la haki, hasa kwa ndugu zetu wa maweni, upande wa mashariki ya Unguja, ambako mawe ya matumbawe huyanyonya maji ya mvua na hapana mito. Lakini hiyo hasa ndiyo hoja yetu. Mahali pasipo na mto, mnyama hawezi kujitafutia. Maji yaliyooshea mchele yanafaa kunywewa na mifugo, alimradi hayakuingia sabuni. Tulisomeshwa chuoni habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa madhambi yake. Na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula wala kumwachia ajitafutie. Kosa la mwanamke huyo lilikuwa ni kumfungia, kisha kumsahau.

Mnyama akizidiwa na joto, apelekwe kivulini mara moja. Amwagiwe maji ya kawaida mwilini, tena na tena, na apepewe. Apewe maji ya kunywa kidogo kidogo. Asinyweshwe kwa nguvu akiwa amelala, maana maji yanaweza kuingia mapafuni. Kisha aitwe daktari wa mifugo.

Viongozi nao wana sehemu yao. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina tena mbung'o, baada ya madume waliohasiwa kwa mionzi kuachiliwa kwa mamilioni kutoka katika ndege, na nzi wa mwisho kunaswa mwaka 1996. Taifa lililoweza kumwokoa ng'ombe kutokana na mdudu wa msituni haliwezi kushindwa kumpatia hori la maji. Tunatoa wito kwa mabaraza ya miji na halmashauri za wilaya kujenga mahori na kupanda miti katika vituo vya magari ya wanyama, na kwa masheha kukaa na wenye magari kabla ya Disemba ili wakubaliane saa za kazi na hesabu ya kaskazi. Maofisa mifugo wafike vijijini kabla ya joto, wasingoje kuhesabu mizoga.

Na kwako wewe mwananchi, wajibu ni mdogo na haungoji bajeti. Kesho ifikapo saa nne, nenda ukatazame kivuli kimefika wapi na mnyama wako yuko wapi.