Haki ya jirani katika taka zetu

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mwema.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, vitabu vya fiqhi tulivyosomeshwa madrasa huanza na mlango wa tahara. Mtoto wa miaka saba huhifadhi kwamba maji yakibadilika rangi, harufu au ladha kwa kuingiwa na najisi, hayafai tena kutawadhia. Hiyo ni elimu kubwa, nayo imezikinga nyumba zetu na maradhi kwa karne nyingi. Hata hivyo, zama zetu zimeleta uchafu wa aina nyingine: usio na rangi, usio na harufu, usio na ladha, nao unaua. Mwenye kutegemea macho na pua yake peke yake hawezi kuutambua.

Katika makala ya leo tutaangalia taka za nyumbani na taka za viwandani na migodini, na misingi ambayo sheria ya nchi na fiqhi zimeiweka katika kuzisimamia. Tutachukua mfano wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Wilaya hizi mbili zimekutana na taka za kila namna: za shamba la migomba, za kambi za wakimbizi na za machimbo ya madini.

Funzo la Benaco

Tuanze na taka iliyo karibu zaidi na binadamu, yaani haja yake mwenyewe. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda na kuingia Ngara. Sehemu ya Benaco ikageuka mji mkubwa usio na nyumba hata moja. Katika hali kama ile, swali la mahali pa kujisaidia lilikuwa na uzito sawa na swali la chakula. Mashirika ya misaada na wakimbizi wenyewe wakaharakisha kuchimba vyoo na kuandaa maji safi.

Miezi michache baadaye, Julai mwaka huo huo, wakimbizi wengine wengi zaidi waliingia Goma, mashariki mwa Kongo. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano, jembe halizami, na watu walichota maji ya Ziwa Kivu bila kuyatibu. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wanaokadiriwa kufikia 50,000 katika mwezi mmoja tu. Benaco nako kuhara damu kulikuwapo, na tofauti ya sehemu hizo mbili ilikuwa na sababu nyingi. Hata hivyo, choo na maji vilikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Mtume (s.a.w.) alikataza watu kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, kwenye njia zipitwazo na kwenye vivuli wanapopumzika watu, akayahesabu mambo hayo kuwa ni yenye kuleta laana. Tukizingatia, sehemu zote tatu ni za watu wote. Kosa linalokemewa hapo ni kuwapelekea wengine madhara yako. Huo ndio msingi wa kwanza wa suala zima la taka.

Taka zilipokuwa mbolea

Wazee wetu wa Ngara na Biharamulo hawakuwa na tatizo kubwa la taka za nyumbani. Maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, samadi ya ng'ombe na mbuzi, majani na mabua, vyote vilirudi kwenye mashina ya migomba. Kilichotoka shambani kilirudi shambani, na mgomba ukazidi kuzaa. Hapakuwa na jalala, kwa sababu hapakuwa na kitu kisichooza.

Siku hizi vinavyoingia nyumbani vimebadilika, ilhali mkono wetu wa kutupa umebaki ule ule. Betri ya tochi, mfuko wa nailoni, chupa ya dawa ya kuulia wadudu, simu mbovu, taa iliyoungua na nepi ya mtoto, vyote tunavitupa migombani kama tulivyotupa maganda. Mgomba hauvijui vitu hivyo. Betri huachia metali zake kwenye udongo ule ule tunaolimia. Plastiki tukiichoma jikoni hutoa moshi wenye sumu, nao huvutwa na mama na mtoto aliye mgongoni.

Taka hazipotei kwa kuondoka machoni petu, bali hubadilisha jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji liliingia Ziwa Victoria kwa njia ya mto Kagera. Likastawi kwa rutuba ya maji machafu na udongo uliomomonyoka, hata mitumbwi ya wavuvi ikazuiwa kutia nanga. Mvuvi wa ziwani alibeba mzigo wa watu walioishi mbali naye, juu ya mto, ambao hakuwajua wala hawakumjua.

Uchafu usioonekana

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Wilaya ya Biharamulo ina dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005 chini ya kampuni ya kigeni, na mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa shirika la umma, STAMICO. Pembeni ya migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo, vijana wetu na baba zetu, wanaotafuta riziki ya halali kwa jasho lao.

Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha mchanga kwenye mwalo, kisha huchanganya na zebaki ili idake chembe za dhahabu. Hupatikana donge, na donge hilo huchomwa motoni. Zebaki hugeuka mvuke na kuondoka, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu huuvuta asijue, ukaingia mapafuni, kisha kwenye damu, ukashambulia ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Kwa mama mjamzito huvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Hatari huwa kubwa zaidi donge linapochomewa nyumbani, pengine kwenye jiko lile lile linalopikiwa ugali, kwa kuogopa wezi au kukwepa macho ya watu machimboni. Hapo taka ya kiwandani imekuwa taka ya nyumbani, na mfanyakazi wa kiwanda hicho ni mtoto mchanga aliyelala chumba cha pili.

Zebaki inayobaki huenda na maji na mchanga. Ndani ya matope ya maji, vijidudu huigeuza kuwa aina kali zaidi, inayojikusanya ndani ya samaki. Dunia ilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa katika mji wa Minamata, Japani. Kiwanda kimoja cha kemikali kilimwaga maji yake yenye zebaki baharini kwa miaka mingi, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi: watu wakitetemeka, wakipoteza uwezo wa kuona na kusema, na watoto wakizaliwa na ulemavu. Waliougua ni familia za wavuvi, waliokula samaki aliyeonekana mzima, mwenye ladha ile ile.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, maji yanaweza kuwa tahiri kwa kipimo cha sifa tatu tulichosomeshwa, na bado yakadhuru mwili. Wanazuoni wetu walilijua hilo, ndiyo maana walikataza kula au kunywa kinachodhuru hata kama si najisi. Na kama mgonjwa anavyomsikiliza tabibu muaminifu katika suala la kufunga saumu, katika sumu zisizoonekana nasi tunapaswa kuwasikiliza wanaopima maji, udongo na damu.

Sheria na fiqhi zinasemaje

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka misingi ambayo Mwislamu ataiona si migeni kwake.

Kwanza, kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Haki hiyo inakwenda pamoja na wajibu wa kuyalinda.

Pili, mchafuzi ndiye anayelipa gharama ya uchafuzi wake. Katika fiqhi tunayo kanuni kubwa inayokataza kumdhuru mwenzio, na inayotaka madhara yaondolewe. Wanazuoni, hasa wa madhehebu ya Malik, walimzuia mtu kuchimba choo ndani ya ua wake mwenyewe endapo kitaharibu kisima cha jirani. Umiliki wa ardhi haukumpa ruhusa ya kudhuru.

Tatu, shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Katika fiqhi jambo hili linaitwa harimu ya kisima, yaani eneo la kukizunguka ambalo haliguswi ili maji yabaki salama. Wanazuoni walikhitalifiana katika kipimo, lakini hawakukhitalifiana katika asili ya hukumu.

Nne, mradi mkubwa haupaswi kuanza kabla ya kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi kusikilizwa. Hili linawahusu sana watu wa Ngara. Mwaka 2021 serikali ilitoa leseni maalumu ya kuchimba nikeli ya Kabanga. Madini yale ni ya salfaidi, na mawe ya aina hiyo yakitolewa juu na kukutana na hewa na maji huweza kuzalisha tindikali. Wanakijiji wana haki ya kuuliza mawe yatawekwa wapi, topesumu itahifadhiwaje, na mgodi utakapofungwa nani atabaki kulinda bwawa. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la topesumu la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka, na tope likafunika makazi na mashamba. Maswali haya huulizwa kabla, kwa adabu na kwa maandishi, na majibu yakahifadhiwa.

Tano, halmashauri zimepewa jukumu la kusimamia taka ngumu, na kijiji kina nafasi ya kutunga sheria ndogo kupitia mkutano wake mkuu. Muislamu asiyehudhuria mkutano huo asilalamike jalala likiwekwa mlangoni pake.

Juu ya hayo, Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo unataka mambo manne yakomeshwe katika uchimbaji mdogo: kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge hadharani bila kifaa cha kunasa mvuke, kuchoma donge katika makazi ya watu, na kupeleka marudio yenye zebaki kwenye matangi ya sainaidi kabla zebaki haijaondolewa, kwani sainaidi huiyeyusha na kuirahisishia safari majini.

Ni haki pia kusema kwamba amri peke yake haitoshi. Mchimbaji anatumia zebaki kwa sababu ni rahisi, ni ya haraka, na hana mtaji wa njia nyingine. Anayemkataza bila kumwonyesha mbadala anamsukuma kujificha, na mahali pa kujificha ni nyumbani kwake. Mafunzo, mikopo isiyo na riba na vituo vya pamoja vya kuchenjulia ni sehemu ya dawa. Kamati za misikiti na wenye uwezo wana nafasi hapo, kwa sadaka na kwa wakfu.

Wajibu wa familia

Enyi wazazi, yapo mambo yasiyosubiri bajeti ya serikali. Tutenge taka tangu jikoni: kinachooza kiende migombani, na kisichooza kisichanganywe nacho. Tupunguze kununua visivyo vya lazima, na tutumie tena vinavyofaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na jirani zetu wa Rwanda walitangulia mwaka 2008. Kikapu cha ukindu hakijawahi kumdhuru mtu.

Chupa ya dawa ya shambani isiwekwe maziwa, maji wala mafuta ya taa. Isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yatiwe kwenye bomba la kupulizia dawa shambani, kisha chupa itobolewe ili asije akaiokota mtoto. Betri zikusanywe kwenye chombo chenye mfuniko, nje ya chumba cha kulala.

Na kwa ndugu zetu wachimbaji, tunawasihi kwa mapenzi: donge lisichomwe nyumbani hata mara moja. Litumiwe chombo cha kunasa mvuke, mbali na watu. Karai la zebaki lisirudi kupikiwa, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto. Mama mjamzito na watoto wasiishike zebaki kwa hali yoyote. Riziki ya halali haikamiliki baraka ikiwa imepita kwenye afya ya mwanao.

Kuondoa chenye kuudhi njiani tumefundishwa kuwa ni tawi la imani. Mwiba huonekana, na mwenye kuuondoa hupata ujira. Asiyeumwaga mwiba usioonekana katika njia ya jirani yake tunamtarajia ujira kwa Mola wake, ijapokuwa jirani huyo hatajua kamwe kwamba alisalimika.

Tunamuomba Allah (S.W.) ayalinde maji yetu na vizazi vyetu, awape viongozi wetu uadilifu katika kusimamia amana hii, na atujaalie kuwa miongoni mwa wasiowadhuru majirani zao. Amin. Wabillahi tawfiq.